Nyeri kwa Kupitia Bondeni: Kuwatafuta Mateka wa Kiitaliano Waliozikwa Kenya

Italia iliingia vitani tarehe 10 Juni 1940, na kabla mwaka uliofuata haujaisha, himaya yake yote ya Afrika Mashariki ilikuwa imeanguka. Mogadishu ilitekwa Februari 1941, Addis Ababa tarehe 6 Aprili, Amba Alagi katikati ya Mei, na Gondar ikafunga orodha mwezi Novemba. Makumi ya maelfu ya wanajeshi na raia wa Kiitaliano waliletwa Kenya wakawekwa nyuma ya seng'enge: Nanyuki, Burguret, Londiani, Ndarugu, Naivasha na kwingineko. Wengi walirudishwa kwao mwaka 1946. Waliokufa walibaki.

Haya ni maelezo ya mzunguko wa kutoka Nairobi hadi Nairobi, yaliyopangwa upya kutokana na daftari na picha za simu. Shabaha ilikuwa kutoka kwenye jina lililo karatasini hadi kwenye jiwe lililo ukutani. Anayetaka kuifanya kazi hii ajue mapema kwamba mahali mateka alipokamatwa, alipofungwa, alipofanya kazi, alipofia na alipozikwa panaweza kuwa sehemu tano mbalimbali. Karatasi zake nazo ziko kwingine kabisa, na aghalabu haziko Afrika.

Kabla ya kuondoka: karatasi

Anza na Wizara ya Ulinzi ya Italia. Ina kanzidata ya mtandaoni ya waliokufa na waliopotea katika Vita vya Pili, na humo unaweza kupata tarehe ya kuzaliwa, mji wa kuzaliwa, tarehe na nchi ya kifo, na mahali pa kaburi pakijulikana. Mji wa kuzaliwa ndio ufunguo. Waitaliano wenye jina moja ni wengi kama akina Juma Hamisi wa pwani, na bila mji utamfuata mtu asiye wako. Mji huo pia ndio unaokupeleka kwenye Archivio di Stato (hifadhi ya nyaraka za serikali) ya mkoa wake, yanakotunzwa mafaili ya utumishi jeshini, yaani foglio matricolare. Faili hilo likipatikana, mara nyingi linaonyesha kikosi, tarehe ya kukamatwa na tarehe ya kurudi au kufa.

Pili ni Geneva. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ndiyo iliyopokea kadi na orodha za mateka kutoka pande zote. Kumbukumbu zake za Vita vya Kwanza ziko wazi mtandaoni na unajitafutia mwenyewe. Za Vita vya Pili ni lazima uombe, na maombi hupokelewa kwa vipindi maalumu na kwa idadi maalumu. Nafasi zikijaa mlango unafungwa, unangoja kipindi kingine. Jaza fomu miezi mingi kabla ya kununua tiketi yoyote.

Tatu ni Kew, Uingereza, iliko Hifadhi ya Nyaraka za Taifa ya nchi hiyo. Usitarajie faili la kila mateka. Linalopatikana ni habari za kambi: mfululizo wa FO 916 una taarifa za ukaguzi wa kambi za mateka na raia waliozuiliwa, WO 169 una shajara za vikosi vya Mashariki ya Kati na Afrika, na CO 533 una barua za serikali ya koloni la Kenya. Watafiti wapya hukimbilia WO 416 kwa kuwa ni kadi za mateka zenye majina, lakini hizo ni kadi ambazo Wajerumani waliandika kuhusu mateka wa Kiingereza. Huko hakuna Mwitaliano wako.

Nne, chunguza meli kabla ya kuchunguza makaburi. Mateka wengi walihamishwa kwa njia ya bahari na baadhi hawakufika. Tarehe 28 Novemba 1942 meli Nova Scotia, iliyokuwa ikiwapeleka Waitaliano Afrika Kusini kutoka Massawa, ilizamishwa na nyambizi ya Kijerumani U-177 karibu na pwani ya Natal. Walikufa zaidi ya watu 800. Kama mtu wako alionekana mara ya mwisho Eritrea mwaka huo, kisha jina lake likatoweka, huenda Nyeri si kwake.

Jumatatu, Nairobi

Makavazi ya Kitaifa yako Moi Avenue, kwenye jengo la zamani la benki, hatua chache kutoka sanamu ya Tom Mboya. Ghorofa ya chini ni maonyesho ya sanaa, chumba cha kusomea kiko juu. Mkoba huachwa mapokezini. Unaingia na penseli, daftari, kitambulisho na kadi ya msomaji, ambayo hulipiwa ada ndogo. Malipo ya serikali siku hizi hupita eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa hiyo fungua akaunti yako nyumbani, si ukiwa kwenye foleni. Kwa utafiti rasmi, wa shahada au wa kuchapishwa, unahitaji pia kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na utafiti, na hicho hakipatikani asubuhi moja.

Unatafuta nini humo? Orodha ya majina ya makaburi usiitegemee. Tafuta ripoti za mwaka za wilaya na barua za wakuu wa wilaya na mikoa. Mafaili ya Nyeri huanza na DC/NYI. Faharasa imeandikwa kwa Kiingereza cha enzi hizo, kwa hiyo neno Italian peke yake halitoshi. Pitia Prisoners of War, Internees, Evacuees, Labour, Roads na Medical. Vibarua wa Kiitaliano kwenye mashamba ya walowezi hukaa chini ya kazi, ajali za barabarani chini ya ujenzi, na homa ya matumbo chini ya afya. Agiza mafaili yako ya kwanza asubuhi mapema, maana kila agizo lina muda wake wa kuletwa.

Chakula cha mchana kilikuwa mtaa wa nyuma: ugali, sukuma wiki na matumbo, shilingi 250. Jioni tulinunua pawabanki ya pili. Kupiga picha kuta nzima za majina kunamaliza betri haraka kuliko unavyodhani.

Jumanne, Mai Mahiu

Matatu za Naivasha huondokea Nyamakima. Muulize makanga kabla ya kupanda: zipo zinazopita juu, njia ya Kimende, na zipo zinazoteremka Mai Mahiu. Unayoitaka ni ya chini. Tulilipa shilingi 300 na kungoja karibu saa nzima gari lijae, huku wachuuzi wakituuzia soksi, karanga na chaja kupitia dirishani.

Kuanzia Rironi barabara inaanza kushuka na Bonde la Ufa linafunguka upande wa kushoto. Longonot iko mbele, na ukingoni kuna wauza ngozi za kondoo na kofia za manyoya. Malori hushuka kwa gia nzito, breki zinanuka. Barabara hii ya mteremko ilichongwa na mateka wa Kiitaliano wakati wa vita, na mwaka 1942 walijenga kikanisa chini yake, kando ya lami. Mwambie makanga akushushe "kanisa la Waitaliano". Ukipitwa ukafika Mai Mahiu mjini, rudi kwa boda (shilingi 100), usitembee. Barabara ni nyembamba na malori hayana huruma kwa mtu wa miguu.

Kikanisa chenyewe ni kidogo kweli: kuta za mawe, paa la mteremko mkali, na ndani benchi chache tu. Lango lilikuwa na kufuli. Mama mwenye kibanda cha chai upande wa pili aliona tunazungukazunguka, akampigia simu mtunzaji kwa salio lake mwenyewe, akatuwekea viti. Chai mbili na mandazi manne, shilingi 120, na hakukubali tumlipie ile simu. Mtunzaji alifika baada ya dakika arobaini. Hakuna tiketi, sadaka ni kwa hiari yako.

Hapa ndipo familia nyingi kutoka Italia hupotea njia. Zinafika na picha ya babu, zinasali, zinatazama kando ya kuta zikitafuta kaburi. Hakuna aliyezikwa hapa. Ni alama ya kazi, na hata kazi yenyewe haikuwa ya kila mtu. Mkataba wa Geneva wa 1929 uliruhusu kuwafanyisha kazi askari wa kawaida. Maofisa hawakulazimishwa, na wale wa vyeo vya kati, kina sajini, wangeweza kulazimishwa usimamizi tu. Kwa hiyo kama karatasi zako zinasema babu alikuwa luteni, usimwandike kwenye historia ya barabara hii mpaka upate ushahidi kwamba alijitolea.

Tulilala Naivasha. Chumba shilingi 1,800, samaki wa kukaanga na ugali 450.

Jumatano, Naivasha hadi Nyeri

Gilgil tulisimama kutazama makaburi ya kivita yanayotunzwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Si ya Waitaliano, lakini kuyapita bila kuangalia ni uvivu. Tume hiyo hutunza pia kaburi moja moja la raia wa nchi adui palipo na sababu, na kanzidata yake ya mtandaoni inaonyesha. Kwenye makaburi yake mengi kuna kisanduku chenye mlango wa chuma kilichojengwa ukutani, na ndani yake kitabu cha majina. Kirudishe ulivyokikuta na ufunge mlango, maana mvua ikiingia karatasi zinaoza.

Kutoka Gilgil kupitia Ol Kalou hadi Nyahururu ni viazi, kabichi na ng'ombe wa maziwa, hakuna la kusimulia.

Nyahururu ilitupokea kwa mvua ya mawe. Matatu ya Nyeri (shilingi 400) haikuondoka mpaka saa tisa, na karibu na Ndaragwa tairi ya nyuma ikatoa hewa. Spea ilikuwepo, jeki haikuwepo. Dereva wa lori la maziwa alisimama, akatoa jeki yake, akashika mwavuli juu ya kichwa cha makanga muda wote wa kubadilisha, kisha akaondoka bila kuuliza hata shilingi. Tuliingia Nyeri usiku. Chumba na kifungua kinywa, shilingi 2,200. Chukua koti zito: kuanzia Juni hadi Agosti Nyeri ina ubaridi wa kuingia mifupani, na kanisani ndani kuna baridi kuliko nje.

Alhamisi, Mathari

Kutoka mjini Nyeri hadi kanisa la Waitaliano, upande wa Mathari ya wamisionari wa Consolata, ni mwendo mfupi wa boda, shilingi 100. Mwambie dereva "Italian Church" na atajua unakokwenda. Piga simu siku moja kabla au pitia misheni uulize mwenye ufunguo, maana si kila siku kuna mtu langoni. Mtawa mmoja mzee alitupokea kwa "Karibuni, mmekula?" na hatukuruhusiwa kuanza kazi kabla ya uji.

Kanisa lilikamilika mwaka 1952. Serikali ya Italia ilifuata desturi yake ya kuwakusanya wafu wa vita mahali pamoja: mabaki yalifukuliwa kutoka makaburi ya kambini na kwingineko nchini, yakaletwa hapa, yakawekwa kwenye vishubaka ndani ya kuta. Wako 676. Pamoja nao yuko Amedeo wa Savoia, Duke wa Aosta, aliyekuwa makamu wa mfalme wa Italia huko Ethiopia. Huyu ndiye aliyejisalimisha Amba Alagi Mei 1941, Waingereza wakampa yeye na askari wake heshima za kijeshi walipotoka ngomeni. Walimweka Donyo Sabuk, akaugua malaria na kifua kikuu, akafa hospitalini Nairobi tarehe 3 Machi 1942 akiwa na umri wa miaka 43. Wageni wengi huja kwa ajili yake, wanapiga picha moja ya kaburi lake na kuondoka. Kazi yetu ilikuwa ni wale 676.

Kabla ya kunyanyua kamera, elewa kinachotazamwa. Ukutani hapa ni mkusanyiko wa pili. Mateka aliyekufa Londiani alizikwa kwanza Londiani, na namba ya kaburi lake la kwanza, ikiwa ipo, iko kwenye karatasi, haiko hapa. Mkataba wa 1929 uliitaka nchi iliyowashika mateka iwazike kwa heshima na kuweka alama makaburini, kwa hiyo mahali pa kwanza pana uwezekano mkubwa wa kuwa palirekodiwa. Ukiona tofauti kati ya mahali pa kaburi kwenye taarifa ya zamani na Nyeri, usidhani mojawapo ni uongo. Zote mbili zinaweza kuwa kweli, kila moja kwa wakati wake.

Jinsi ya kupiga picha. Ukuta mzima kwanza, ukionyesha kona au mlango ili ujue upande gani. Kisha safu moja baada ya nyingine, kutoka kushoto kwenda kulia, kila picha ikichukua vishubaka vichache na ikirudia kimoja cha picha iliyotangulia ili pasiwe na pengo. Andika daftarini: ukuta A, safu ya 1 kutoka juu, picha namba fulani hadi fulani. Usitumie flashi ya simu ukiwa umesimama mbele ya jiwe, kwa kuwa marumaru hurudisha mwanga na jina linafutika. Simama kidogo pembeni, au mwenzako amulike tochi kutoka ubavuni, karibu na ukuta, na herufi zilizochongwa zitajitokeza zenyewe kwa kivuli chake. Usipake chaki, unga wala maji. Usisugue kwa brashi. Safu za juu zinahitaji kijiti cha kushikia simu, na safu za chini zinataka upige magoti, kwa hiyo vaa suruali usiyoionea huruma.

Jiwe la aina hii kwa kawaida hutoa cheo na jina, wala si zaidi ya hapo. Vyeo vimefupishwa na ndivyo vinavyowakosesha watu. *Sold.* ni askari wa kawaida. *C.N.* ni mwanamgambo wa shati jeusi wa chama cha Mussolini. *Cap.* ni kapteni, lakini *Cap.le* au *C.le* ni koplo. Ile *le* ndogo ikiwa imefifia, koplo anapandishwa cheo miaka themanini baada ya kufa. *M.llo* ni maresciallo, cheo cha juu cha kina sajini, si afisa, na *Mar.* huenda akawa baharia. *Op.* ni mfanyakazi, raia aliyekuwa akijenga barabara Ethiopia, naye hatapatikana kwenye orodha za vikosi vya jeshi. Ukikuta *Ignoto*, huyo hakutambuliwa. Mpige picha pia na uandike mahali alipo.

Kwenye hati za zamani, na wakati mwingine kwenye picha za misalaba ya kambini, mwaka umeandikwa kwa namba za Kirumi pekee, kwa hesabu ya Wafashisti iliyoanza mwishoni mwa Oktoba 1922. Mwaka wa XX unaanza mwishoni mwa Oktoba 1941 na kuisha mwishoni mwa Oktoba 1942. Kwa hiyo kifo cha Desemba XX ni Desemba 1941, si 1942. Kosa hili moja limeshawapeleka watu kwenye kambi isiyo ya marehemu wao.

Halafu majina. Karani wa Kiingereza aliandika alichosikia. Herufi mbili zilizofuatana zikawa moja, *Cecchi* ikawa Cechi au Checki, *Giovanni* akaanza na J. Majina yenye *De*, *Di* na *Lo* huingizwa chini ya D au L kwenye orodha moja, na chini ya neno la pili kwenye orodha nyingine. Tafuta mara mbili. Sisi wa Kiswahili tuna nafuu: vokali za Kiitaliano ni zetu zilezile. Litamke jina kwa sauti kama linavyoandikwa, ukikumbuka kwamba *ch* yao ni k na *c* kabla ya e au i ni ch yetu, kisha jiulize Mwingereza aliyechoka angeliandikaje. Baba naye hutajwa kwenye hati za Italia: *di Antonio* ni mwana wa Antonio aliye hai, *fu Antonio* ni mwana wa marehemu Antonio. Watu wawili wenye jina moja na mwaka mmoja wa kuzaliwa hutenganishwa hapo.

Tulitoka jioni macho yakiuma. Mukimo na nyama ya mbuzi mjini, shilingi 500, na chai ya tangawizi ambayo mwenye hoteli aliiita "ya wageni wa Mathari" na hakuitoza.

Kwa mwenye kupanga safari ya ukumbusho: Waitaliano huwakumbuka wanajeshi wao mwezi Novemba, siku yenyewe ikiwa tarehe 4, na wakati huo kanisa hufunguliwa kwa ibada. Ni wakati mzuri wa kukutana na watu wa ubalozi, ni wakati mbaya wa kupiga picha za kuta kwa utulivu.

Ijumaa, Nyeri bado

Asubuhi ilikwenda kukamilisha safu zilizobaki na kulinganisha daftari na picha. Fanya ulinganisho huu ukiwa bado Nyeri. Ukigundua pengo ukiwa Mombasa au Milano, limekwisha.

Alasiri, mzee mmoja mlinzi alituuliza kwa nini Wajerumani hawapo. Swali hilo huulizwa sana. Katika Vita vya Pili hakukuwa na jeshi la Kijerumani la kushindwa huku kwetu. Waliokuwepo ni walowezi na wamisionari wa Tanganyika, waliozuiliwa kuanzia Septemba 1939. Baadhi walirudishwa Ujerumani, wengine wakapelekwa kusini, wakiwemo waliofungwa katika kambi ya Andalusia, Afrika Kusini. Mali zao ziliingia mikononi mwa msimamizi wa mali za adui, na mafaili ya mashamba yao Dar es Salaam mara nyingi husema mengi kuliko orodha yoyote ya kambi.

Mateka wa Kijerumani wa Vita vya Kwanza ni habari nyingine. Waliokamatwa Tanganyika mwaka 1916 na 1917 walitawanywa hadi Ahmednagar nchini India na kambi za Misri. Anayetafuta kaburi la babu yake Tabora, huenda anapaswa kutafuta ng'ambo ya bahari. Kwa hao, anza na kumbukumbu za Geneva za vita hivyo, ambazo ni bure. Kisha tumia utafutaji wa makaburi wa Volksbund, shirika la Kijerumani la makaburi ya vita. Mafaili ya jeshi la Prussia yaliteketea kwa mabomu huko Potsdam Aprili 1945, kwa hiyo jibu la "hakuna faili" halina maana kwamba mtu hakuwepo. Mafaili ya wizara ya makoloni yalipona, na yako Bundesarchiv (hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani), Berlin, chini ya R 1001. Kwa Wajerumani wa Vita vya Pili, ofisi ya zamani ya WASt, iliyotunza kumbukumbu za wanajeshi waliokufa au kutekwa, imeunganishwa na Bundesarchiv tangu Januari 2019. Anwani za zamani kwenye vitabu usizifuate.

Jumamosi, Nanyuki

Nyeri hadi Nanyuki shilingi 250, barabara nzuri, mlima ukijificha na kujitokeza. Kambi namba 354 ilikuwa huku. Ndiyo kambi ambayo Felice Benuzzi, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti walitoroka tarehe 24 Januari 1943 ili wakwee Mlima Kenya. Viatu vya barafu waliviunda kwa vyuma chakavu, kamba ikatokana na katani ya vitanda, na ramani yao ilikuwa picha ya mlima kwenye lebo ya kopo la chakula. Barsotti aliugua akabaki chini. Wenzake walishindwa kufika Batian, kilele kirefu kuliko vyote, wakapanda kile cha Lenana, mita 4,985, wakaacha bendera ya Italia, kisha wakarudi kambini kwa miguu yao wenyewe. Adhabu ilikuwa siku 28 za kifungo cha upweke. Mkuu wa kambi akaridhika na siku 7.

Ni kisa kizuri na kimewafunika wengine wote. Ukitaja mateka wa Kiitaliano Nanyuki, kila muongoza wageni atakupeleka kwenye kisa hicho, na hakuna atakayekwambia palipokuwa makaburi ya kambi. Tulitegemea ramani za zamani na maelezo ya wazee. Mzee mmoja mwenye duka la chakula cha mifugo aliacha duka kwa mjukuu wake, akatutembeza saa mbili akionyesha misingi ya mawe na mahali ambapo baba yake alimwambia palikuwa na seng'enge. Mimi nayachukua maelezo kama hayo kuwa dira, wala si ushahidi: andika nani alisema, alisikia kwa nani, na lini, halafu tafuta taarifa ya mkaguzi wa kambi ya kuyalinganisha nayo. Taarifa hizo huwa na idadi ya mabanda, maji, wagonjwa, na wakati mwingine mchoro.

Tahadhari: Nanyuki ina kambi za jeshi na uwanja wa ndege za kivita. Usirushe droni, usipige picha karibu na uzio wowote, na ukisimamishwa toa kitambulisho na ueleze kazi yako kwa adabu. Barua ya utambulisho iliyochapishwa, hata ya ukurasa mmoja, inafupisha mazungumzo hayo.

Chakula: githeri na parachichi, shilingi 180.

Jumapili, kurudi kupitia Thika

Nanyuki hadi Thika shilingi 500, kupitia Karatina na Sagana. Tulitaka kupita Donyo Sabuk, ambako watu wa hapo husema Kilimambogo, kuona mandhari aliyoishi nayo Duke wa Aosta akiwa mfungwa. Matatu kutoka Thika ni shilingi 150. Mvua ya usiku ilikuwa imegeuza njia ya mlimani kuwa utelezi na madereva wa boda wakakataa, kwa haki. Anayekwenda achague msimu wa kiangazi, alipe kiingilio cha hifadhi kupitia eCitizen kabla hajafika langoni, na ajue kwamba makaburi yaliyo kilimani ni ya mlowezi McMillan na watu wake, si ya Waitaliano.

Thika hadi Nairobi, shilingi 150, na msongamano kuanzia Roysambu. Usiku huohuo picha zilinakiliwa mara mbili, kwenye diski na mtandaoni, zikiwa na majina ya ukuta na safu badala ya zile namba zinazotolewa na simu. Barua ya kwanza kwenda Roma iliandikwa kwa Kiitaliano chepesi, ikiwa na mistari mitano tu: jina la ukoo, jina, jina la baba, tarehe na mji wa kuzaliwa, na mahali kishubaka kilipo Nyeri. Picha moja iliambatishwa. Tuliweka mtu mmoja kwa kila barua, kwa sababu barua yenye majina ishirini hujibiwa mwisho.